Kondo la nyuma huongeleshwa na mafuta, na si hayo ya viazi karai (uzi mrefu, njoo na chai)

Fundi wa Maabara (Tudor)
Assalam aleikum wadau. Uzi huu nliuahidi zamani nikawa napiga chenga kila siku, leo umeme upo na watoto wamelala.

Mwezi wa pili dadangu mdogo alijifungua wiki ya 31. Presha ilipanda 170 kwa 110, kichwa chamgonga, macho yaona vimulimuli, tukakimbizwa na tuktuk usiku. Mtoto katoka na kilo moja na gramu 300, alhamdulillah yu hai. Mie kazi yangu ni maabara, napima damu na mikojo, si daktari, nasema mapema msije mkanishika koo. Sasa ile siku sista mmoja ananijua, akaniita nyuma akanionyesha kondo kwenye beseni. Kondo la mimba iliyotimia huwa kama nusu kilo, upana sentimita 22 hivi, jekundu la kuiva, lajaa kama sinia dogo. Hili lilikuwa kama kisosi kikubwa, halafu lina mabaka meupe magumu, ukibonyeza ni kama maini yaliyopikwa jana. Sista kasema maneno mawili tu, "damu haikuwa ikifika hapa."

Kabla hata hatujatoka wadi, mama mkwe wa dadangu kashatoa hukumu: ni mafuta! Ati mtoto wa kike kila jioni yuko kwa muuza viazi karai, na bajia juu, basi mafuta yameganda tumboni. Dadangu kaamini, kalia wiki mbili. Nikaingia kusoma kwa hasira, nataka tu nipate la kumjibu bi mkubwa. Nlichokikuta ni kwamba kakosea, lakini hilo neno mafuta limo ndani ya habari hii kweli, kwa mlango mwengine kabisa. Naleta kwa vipande.

Binti Likoni
Niko wiki ya 16 nasoma huku roho juu. Endelea kakangu.

Mbishi wa Changamwe
Haya prof. Mafuta yaongea siku hizi? Yana lafudhi ya wapi, Lamu ama Bara?

Fundi wa Maabara
@Mbishi subiri uone.

Kila seli mwilini imezungukwa na ngozi nyembamba ya mafuta. Tulifunzwa shule kuwa ni ukuta tu, kumbe ukuta huo ni ghala la karatasi. Seli ikitaka kusema jambo, vimeng'enya hukata kipande cha mafuta ya ukutani, hukigeuza kidogo, hukitupa nje, na seli ya jirani yenye kipokezi cha kipande hicho husikia na kufanya kitu: kuhama, kukua, kutulia, au kufa. Hizo ndizo lipidi za ujumbe. Prostaglandini ndizo maarufu, halafu kuna moja yaitwa S1P, kuna LPA, kuna anandamaidi, na ndugu zao.

Hazifanani na homoni kama ile tunayoipima kwenye mkojo kujua mimba. Homoni ile ni barua ya posta, yaingia kwenye damu yazunguka mwili mzima. Prostaglandini ni mtu kumwita jirani dirishani kichochoroni: yasikika nyumba mbili tatu basi. Ikikimbilia kwenye damu, nyingi hufutwa kwa kupita mapafuni mara moja tu. Kwa hivyo jambo kubwa hapa ni wapi umeita na saa ngapi umeita, wingi wa mafuta mwilini huo ni mjadala wa pembeni. Na viazi karai, samahani bi mkubwa, haviingii dirishani.

Shangazi Kibokoni
Mwanangu sie zamani zalio lilikuwa lachunguliwa na mkunga kwanza, laoshwa, lageuzwa huku na huku, ndipo lazikwa uani. Sikujua kuna ukuta wa mafuta lakini tulijua zalio likiwa na mabaka mtoto alikuwa na njaa huko ndani.

Sista Zamu ya Usiku
Shikamoo Shangazi. Hata sisi hatujaacha kulichungulia, likibaki kipande ndani mama atatokwa na damu mpaka umpoteze. Mkunga wenu alikuwa anafanya kazi ileile.

Fundi wa Maabara
Shikamoo Shangazi, na mimi pia lol. Sasa kondo lenyewe.

Siku kama ya sita au saba baada ya mbegu kukutana na yai, kile kitone hufika kwenye mji wa mimba na kujipachika. Seli zake za nje ndizo zitakazokuwa kondo, waitwa trofoblasti. Na hawa hugawana kazi mapema. Kuna wanaobaki nyuma kama akiba, wazidi kuzaana. Kuna wanaovunja kuta zao na kuungana wakawa seli moja kubwa isiyo na mipaka, zulia moja lililofunika kondo lote, na ndilo linalooga damu ya mama moja kwa moja, hewa na chakula vyapita hapo, na ile homoni ya kipimo cha mimba yatoka hapo. Mimba ikitimia zulia hilo likinyooshwa lote lafika mita 11 hadi 13 za mraba. Yaani chumba cha kupanga Kisauni, kitanda na kabati ndani, kimekunjwa kwenye kitu cha nusu kilo.

Kuna kundi la tatu, mahafiri. Hawa huacha kondo wakachimba ndani ya mji wa mimba mpaka kwenye mishipa ya damu ya mama. Mishipa ile mwanzo ni vichochoro vya Mji wa Kale, myembamba, imejipinda, ina misuli ya kujibana, mkokoteni wapita kwa kuomba. Mahafiri huingia wakaondoa ile misuli, mshipa ukalegea ukapanuka ukawa barabara kuu ya Dongo Kundu. Kazi hii wiki ya 20 inafaa iwe imekwisha. Kwa dadangu haikwisha. Njia zilibaki vichochoro, kondo likakosa damu, likaanza kumwaga mabaya kwenye damu ya mama, presha ikapanda. Yale mabaka kwenye beseni ni mitaa iliyokufa kiu.

Na jambo lilianza kuharibika kabla hata hajanunua hivyo viazi, alikuwa anatapika kila kitu miezi mitatu ya kwanza, hata mahamri hataki kuyaona.

Binti Likoni
Subhanallah. Sasa hizo seli zinajuaje nani aungane nani achimbe?

Fundi wa Maabara
Hapo ndipo dirisha lafunguka. Si lipidi peke yake, kuna protini na homoni na kiasi cha hewa pia, lakini mafuta yana sauti kubwa kuliko nlivyodhani.

Chukua S1P. Imekatwa kutoka kwa jamii ya mafuta ambayo mkemia Thudichum aliyapa jina la Sfinksi mwaka 1884, kwa sababu yalimshinda kuyaelewa, yalikuwa kitendawili. S1P ni nyingi kwenye damu na chache ndani ya nyama, kwa hivyo seli yaweza kunusa damu iko upande gani. Kwa trofoblasti zilizokuzwa maabara, S1P huwazuia wale wa akiba wasikimbilie kuungana na zulia. Ni breki. Seli hizo zina kengele ya ndani inayoitwa cAMP, ikipanda huungana, S1P huishusha. Ukiwaza sana waona akili yake: wakiungana wote siku moja akiba itatoka wapi, na mimba ni miezi tisa.

Tena kuna panya walionyimwa vimeng'enya vya kutengeneza S1P karibu vyote, wakashika mimba lakini ule utando wa mji wa mimba unaopokea kondo ukabomoka na damu ikavuja, watoto wakafa mapema. Huo ni upande wa mama, nao unahitaji kuongeleshwa vilevile.

Mbishi wa Changamwe
Panya panya panya. Mke wangu si panya.

Fundi wa Maabara
Sawa kabisa na hilo ni la kuweka akilini, kondo la panya na letu yatofautiana, mahafiri wetu huchimba ndani zaidi. Lakini acha nikupe hadithi ya panya mmoja kisha uniambie kama si tamu.

Mwaka 2005 jarida la Nature lilitoa kazi ya panya waliofutiwa kipokezi kimoja tu cha LPA, kinaitwa LPA3. LPA ni kipande kidogo cha mafuta, mkia mmoja kichwa kimoja. Panya wa kawaida hubeba watoto wengi, hujipanga kwenye mji wa mimba kwa nafasi sawa kama shanga kwenye uzi. Hawa waliokosa kipokezi, watoto walichelewa kujipachika, na walipojipachika wakarundikana pahali pamoja kama abiria wa feri ya Likoni saa kumi na mbili jioni, mpaka wengine wakachangia kondo moja. Wengi hawakumaliza safari. Kumbe LPA ilikuwa yaamsha kimeng'enya kinachotengeneza prostaglandini. Watafiti wakawapa panya hao prostaglandini kutoka nje, wakajipachika kwa wakati. Lakini msongamano ukabaki palepale!! Yaani saa ilirudi, mahali hapakurudi. Mafuta moja yabeba habari mbili kwa njia mbili.

Na kwetu wanadamu kimeng'enya kinachotengeneza LPA, otaksini, hupanda kwenye damu ya mama kadiri mimba inavyokua, na kondo lenyewe ni mmoja wa wanaokimwaga.

Mbishi wa Changamwe
Haya hiyo ya feri nimeikubali. Lakini umesema seli zaungana, zinaunganaje hivihivi? Gundi?

Fundi wa Maabara
Gundi yake ni kali. Protini inaitwa sinsitini, iliripotiwa mwaka 2000. Jeni yake ilitoka kwa virusi, waliingia kwenye ukoo wa nyani mamilioni ya miaka nyuma wakabaki ndani. Virusi walikuwa waitumia kuungana na seli waingie, mwili ukaichukua ukaifanya fundi wa zulia. Hapa sitaki vita vya dini, nimeleta habari tu, mtu akitaka kuanzisha aanzishe uzi wake.

Boda wa Bamburi
Mi swali langu ni la mfukoni. Bibi yangu ana mimba ya miezi saba, mgongo unamuuma balaa, nimempitia kemisti nimemletea diklo, ile dawa ya maumivu. Ameshameza mbili. Kuna noma?

Sista Zamu ya Usiku
Boda mdogo wangu, kuna noma, mwambie aache leo leo na kesho mpeleke kliniki waangalie, aseme amemeza nini na ngapi. Diklo, ibuprofeni na jamii yake baada ya wiki 20 hatuwapi bila daktari kuamua. Parasetamo ndiyo ya kuanzia. Msiogope kupita kiasi, vidonge viwili si mwisho wa dunia, lakini asiendelee. Fundi elezea sababu mi naingia zamu.

Fundi wa Maabara
Yarudi palepale kwenye mafuta. Diklo huua maumivu kwa kuzuia kimeng'enya kinachotengeneza prostaglandini. John Vane alionyesha mwaka 1971 kwamba aspirini hufanya hivyo, mwaka 1982 akapata Nobeli pamoja na Bergström na Samuelsson. Sasa mtoto tumboni anazihitaji hizo prostaglandini: figo zake zatengeneza mkojo ambao ndio maji yanayomzunguka, ukizima prostaglandini maji yaweza kupungua. Tena ana mshipa karibu na moyo unaotakiwa ukae wazi mpaka azaliwe, na prostaglandini ni mmoja wa wanaoshikilia mlango. Miezi saba si wakati wa kuufunga.

Boda wa Bamburi
Aisee. Jamaa wa kemisti hakuniuliza hata kama ni wa mimba. Nashukuru wadau, nimempigia ameacha.

Mbishi wa Changamwe
Ngoja ngoja ngoja, hapa nimekukamata. Dada yangu alipokuwa na mimba ya pili daktari alimpa aspirini kila usiku, ati asirudiwe na presha. Na wewe mwenyewe wasema aspirini na diklo zazuia kitu kimoja. Moja dawa moja sumu? Chagua.

Fundi wa Maabara
Mbishi Mungu akuweke, hilo ndilo swali la uzi mzima, mie lilinichukua usiku mbili.

Kutoka kwa mafuta yaleyale mwili hutengeneza ndugu wawili wasiopatana. Wa kwanza thromboksani, hutoka zaidi kwa chembe za kugandisha damu, kazi yake kubana mshipa na kugandisha. Wa pili prostasaiklini, hutoka kwenye ukuta wa mshipa, huupanua na kulainisha damu. Mimba nzuri huegemea kwa huyu wa pili. Kwenye kifafa cha mimba, huo ugonjwa wa presha uliompata dadangu, mizani hupinduka, mwaka 1985 waliripoti kondo za wagonjwa zatengeneza thromboksani mara saba ya prostasaiklini.

Sasa aspirini kidogo, kidogo kweli. Hukishika kimeng'enya ikakiua moja kwa moja, hakifufuki. Ukuta wa mshipa una kiini, una jeni, hutengeneza kingine kabla ya asubuhi. Chembe ya kugandisha damu haina kiini! Haiwezi kutengeneza kingine, yaishi siku zake saba hadi kumi ikiwa bubu. Kwa hivyo ukitoa kidogo kila siku wanyamaza wale wabaya, wale wazuri waendelea kuongea. Diklo kwa dozi ya maumivu huwanyamazisha wote, mama na mtoto.

WHO, Shirika la Afya Duniani, husema miligramu 75 kwa mwenye hatari kubwa, ianze kabla ya wiki ya 20. Mwaka 2017 kuna jaribio kubwa, ASPRE, wao walitumia 150 tangu wiki 11 hadi 14 mpaka wiki ya 36, kwa kina mama waliopimwa wakaonekana wako hatarini. Kifafa cha mimba cha kabla ya wiki 37 kilishuka kutoka asilimia 4.3 hadi 1.6. Na ona huo wakati wa kuanza, ni wakati mahafiri bado wanachimba. Ukisubiri presha ipande barabara ishajengwa vibaya.

MSIENDE KUJINUNULIA. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi. Nani apewe ni daktari aseme, kuna wenye vidonda vya tumbo, kuna wenye mambo ya damu.

Binti Likoni
Mamangu alipata presha akinizaa mimi. Hii ni yangu ya kwanza. Hakuna aliyeniuliza kliniki.

Sista Zamu ya Usiku
Niko chai break. Binti, kesho nenda na kitabu chako, useme hivyohivyo: mimba ya kwanza, mama alipata. Uko wiki 16, muda upo. Na ukiona kichwa kisichosikia parasetamo, vimulimuli, maumivu chini ya mbavu za kulia, ama uso na mikono imevimba ghafla, usingoje tarehe ya kliniki, njoo usiku huohuo. 140 kwa 90 kwetu ni kengele.

Kijana wa Mwembe Tayari
Mie naulizia rafiki 😅 bangi je. Mke wake anavuta kidogo ya kuzuia kutapika.

Fundi wa Maabara
Rafiki mwambie aache. Mwili una bangi yake ya ndani, ni lipidi nayo, anandamaidi, iligunduliwa 1992 wakaipa jina kutoka neno la Kisanskriti la furaha. Kwa panya, pale kiinitete kinapojipachika anandamaidi hushuka chini kabisa, na pale pasipotakiwa hubaki juu. Ni kama taa ya barabarani, yatakiwa izimike pahali maalumu saa maalumu. Sasa ukivuta, kemikali ya bangi yashika kipokezi kilekile, yavuka kondo, na haijui pahali wala saa. Watoto wa wanaovuta huonekana kuzaliwa na uzito mdogo. Kutapika kuna dawa zake kliniki.

Shangazi Kibokoni
Na samaki? Maana siku hizi mwaambiwa kila kitu kibaya, mwisho mtakula upepo.

Fundi wa Maabara
Samaki Shangazi ndiyo habari njema ya uzi. Mafuta ya samaki huingia kwenye zile kuta za seli, na kondo lina mlango maalumu wa kumpitishia mtoto mafuta ya ubongo. Mwaka 2018 mapitio ya Cochrane, wale wanaojumlisha tafiti nyingi pamoja, yalikuta kwa wanaopata omega-3, ndiyo hayo mafuta ya samaki, kujifungua kabla ya wiki 34 kulipungua kwa asilimia 42. Dagaa, simu, vibua, hao mjamzito ale. Papa na nduwaro wapumzishe mpaka ajifungue, wale ni wawindaji wakubwa wana zebaki.

Shangazi Kibokoni
Papa wa nazi miezi tisa nisile! Ningezaa wa saba nikiwa nimenuna.

Binti Likoni
Wadau nimerudi. Nimetoka kliniki, sikukaa kimya. Daktari kaniuliza maswali kama askari wa trafiki, kapima presha mikono yote miwili, kaniandikia ile ndogo nimeze usiku. Kasema nirudi baada ya wiki mbili.

Boda wa Bamburi
Na wangu maji yako sawa, skani imeonyesha. Mgongo kapewa mazoezi na parasetamo. Nawapa lifti ya bure wote wa uzi huu, Bamburi hadi Bombolulu tu lakini.

Mbishi wa Changamwe
Fundi hukutuambia, mama mkwe alisemaje?

Fundi wa Maabara
Jana nlienda kumuona mtoto, kilo tatu na robo sasa, shavu lashuka. Bi mkubwa yuko mkekani amempakata. Nikakaa chini nikamsomea uzi wote pole pole, mahafiri, vichochoro, S1P, panya wa feri, ndugu wawili wasiopatana. Kasikiliza mpaka mwisho, hakunikata hata mara moja. Kisha kamgeukia dadangu, kamwambia, "Si nlikwambia ni mafuta."

Dadangu kacheka mpaka mtoto kaamka.